Chubwi (vizito vya kuzamishia nyavu): kuyeyusha mwenyewe au kununua?

Nunua tu ndugu, hasa kama ulitaka kutumia betri mbovu ya gari. Risasi (ile metali ya chubwi, siyo ya bunduki) inayeyuka nyuzi 327 hivi, jiko la mkaa linatosha kabisa, shida ni vumbi na moshi wa betri na asidi iliyobaki, na watoto ndo wanaumia zaidi maana inaharibu ubongo polepole bila mtu kujua. Mimi nilikuwa nayeyusha nyumbani enzi tunavua bwawa la Mtera, nikaacha nilipopata mtoto. Kama unavyo vile vidude vya risasi vya kubalansi matairi, sawa, yeyusha, ingawa vingine siku hizi ni zinki, ila fanyia nje, sufuria isirudi jikoni kabisa, na maji yasiingie hata tone, risasi ya moto inaruka usoni.