Kabla Hujaigusa engines.cfg

Jumamosi iliyopita vijana watatu walipanda ngazi zangu hapa Magongo, Mombasa, na lalamiko moja: Caravan, ile ndege ndogo ya propela moja wanayoirusha kwenye simyuleta ya kompyuta, imeharibika. Wa kwanza, injini haiwaki. Wa pili, inawaka, ikifika mwanzo wa njia ya kurukia inazima. Wa tatu, yule mrefu anayekaa dirishani ili asikie Dash 8 za Nairobi zikishuka, alikuwa ameshaifungua engines.cfg, faili la namba za injini, kwenye Notepad na kubadilisha namba saba. Nikamuuliza, nakala ya faili la awali iko wapi? Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu wa babu yake.

Mahamri yakapoa kwenye sahani. Wanangu, nawapenda, na kila Jumamosi mlango wangu uko wazi, lakini makosa haya nimeyaona kwa wenzenu waliotangulia na waliowatangulia hao. Basi leo nayaandika kwa urefu, myasome kabla hamjaja. Sitaeleza kwa urefu Community, folda ya nyongeza za simyuleta, wala ITT, joto la ndani ya turbini. Hayo mwayajua.

1. Injini haiwaki, au inazima yenyewe. Tazama kwanza wenzo wa kondisheni, ule unaofungua na kukata mafuta. Simyuleta za Microsoft kwa kawaida zinausoma kwenye mhimili ule ule wa mchanganyiko wa mafuta na hewa wa ndege za pistoni. Kijiti chako cha tatu, kile cha mchanganyiko, kikiwa kimelala chini, umekata mafuta. Ukibonyeza Ctrl na E injini itawaka, kisha kijiti kikitikisika nywele moja tu, simyuleta inakisoma upya, inakuta kiko chini, inakata. Huyo ndiye wa pili wetu. Alikuwa akigonga meza kwa goti kila anapogeuza ndege kuingia njia 03, na kila goti likigonga, injini inakufa. Tulikaa dakika arubaini na tano mpaka mdogo wake, aliyekuja kumsindikiza tu, akasema, "Mbona mguu wako ukicheza ndiyo inazima?" Mtoto wa darasa la sita. Nimemwambia aje kila wiki.

Na mnaowasha kwa mkono, subirini. Stata kwanza, Ng, yaani kasi ya kompresa, ipite asilimia 12, ndipo mafuta. Ukitia mafuta Ng ikiwa 5, ITT inapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ikikimbilia digrii 1,090, rudisha wenzo ukate mafuta, na stata uiache izungushe injini ipoe.

2. Propela iliyolaza mapanga si ugonjwa. PT6, injini ya Caravan, ina turbini mbili zisizoshikana: moja inazungusha kompresa, nyingine inazungusha propela. Ukizima injini, shinikizo la oili linashuka, na springi pamoja na vyuma vya uzito vinayalaza mapanga yakae sambamba na upepo. Ndivyo ilivyoundwa. Ukiona ndege yenye injini ya Garrett TPE331 imezimwa na mapanga yako bapa, nayo ni sawa, kwa sababu ile shafti yake ni moja na ina vizuizi vya kuyashika mapanga wakati wa kuwasha. Msilinganishe ndege mbili zenye matumbo tofauti halafu mkasema moja ni mbovu.

3. Ndege haionekani kwenye orodha. Ni folda ndani ya folda. Fungua uliyoiweka Community: kama hukuti layout.json na manifest.json hapo hapo mlangoni, toa folda ya ndani uiweke nje. Na ukiongeza rangi mpya ya ndege, faili lisilotajwa kwenye layout.json simyuleta hailioni hata likiwa mbele ya macho yake.

4. Ndege haina nguvu. Hapa niketi chini, maana hili ndilo lililonifanya nimpige kofi la mkono yule mrefu aliposema "nimeongeza kidogo tu". Mficha uchi hazai.

Mwaka 2021 nilikuwa na Caravan ya kupakua, ile yenye PT6A-114A ya nguvu za farasi 675. Kila jioni baada ya kazi niliruka Mombasa kwenda Malindi, Malindi kwenda Manda, narudi gizani. Baada ya miezi kadhaa nikaona inachoka. Naondoka njia 03 na abiria tisa, torki, yaani nguvu ya kuzungusha propela, haifiki futi-pauni 1,865, inaganda kwenye 1,500 na kitu. Pale kwetu njia ina mita 3,350, kwa hiyo iliruka tu. Ukunda, kwenye njia fupi, ndiko nilikoanza kuiona minazi kwa karibu.

Nikajiambia ni joto. Februari, digrii 32, hewa nyepesi, injini lazima ichoke. Maneno matamu, na hayakuwa kweli. Injini ile imewekewa kikomo cha nguvu chini ya uwezo wake, na kiwanja chetu kiko futi 200 tu juu ya bahari; hapa kinachokuzuia kwanza ni torki. Ukiwa Wilson, Nairobi, futi 5,500 na ushei, ndipo ITT inapokuwahi kwenye digrii 805 na torki bado iko chini. Mimi nilikuwa Mombasa, torki imeganda, ITT iko 640, Ng imetulia chini ya pale inapotakiwa. Geji tatu kwa pamoja zilikuwa zinasema injini haijaombwa nguvu zaidi ya hiyo. Mimi nilitazama moja.

Nikafungua engines.cfg. Nikaongeza nguvu, nikaruka, nikaona bado, nikaongeza tena. ITT ikaanza kupanda kupita kiasi, nikashusha namba za joto hadi sindano isiguse mstari mwekundu hata ufanye nini. Kisha mafuta yakawa yanaisha haraka, nikayapunguza nayo. Usiku wa nne nilikuwa nimebadilisha namba kumi na moja, zote nimezihifadhi juu ya faili lile lile kwa jina lile lile. Ndege ikawa inaondoka kama jini aliyeitwa.

Nikawagawia watu kwa flashi. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani, anajiandaa kwenda shule ya urubani. Mwenye bidii kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kiti hiki. Alikuwa na orodha ya ukaguzi aliyoiandika kwa mkono, ameifunika kwa plastiki ya daftari, na hakuwasha injini bila kuipitia kwa kidole. Aliiruka ndege yangu miezi saba.

Siku ikafika akapata kipindi kwenye mashine ya mafunzo, pamoja na mwalimu. Akaambiwa aondoke. Akaushika wenzo wa nguvu akausukuma wote hadi mwisho, mara moja, kama nilivyomfundisha kwa faili langu. Injini ya aina hiyo haina kompyuta ya kumzuia rubani. Ukiiomba inatoa, na macho yako ndiyo breki. Torki ilipita mstari mwekundu kabla hajainua uso. Mwalimu akasimamisha zoezi, akamuuliza amezoea wapi kushika wenzo namna hiyo.

Alinipigia simu usiku ule. Laiti angenigombeza. Aliuliza tu, taratibu: "Ami, kwani zile geji zako zilikuwa za kweli?"

Nikamwambia nitampigia kesho. Usiku ule usingizi haukuja. Miezi saba mtoto wa watu anajifundisha kuamini sindano niliyoifunga mimi isipande.

Asubuhi nikataka kulinganisha faili langu na la awali, ndipo nikakumbuka kuwa sina la awali. Kifurushi nilichopakua nilishakifuta ili nipate nafasi kwenye diski. Siku tatu nikajaribu kuzirudisha namba kwa kumbukumbu. Mbili tatu nilizipata, zilizobaki nilikuwa nabahatisha, na kila nikibahatisha ndege inakuwa ndege nyingine. Mwisho nikashusha toleo jipya, safi, nikalisakinisha bila kugusa kitu. Nikajipanga njia 03, nikasukuma.

1,500 na kitu.

Ndege mpya, ugonjwa ule ule. Nikabaki nimeushika wenzo. Kisha nikafungua mipangilio ya vidhibiti, nikausukuma hadi ukagota, nikatazama ule mstari kwenye skrini. Asilimia 86. Nikachukua bisibisi. Ndani ya kisanduku cha wenzo, kwenye potenshometa, kile kifaa kinachopima wenzo umefika wapi, palikuwa na utando wa kijani na ungaunga mweupe kama wa chumvi ya mawe. Dirisha langu huwa wazi mwaka mzima, na Kusi inapovuma inaingia moja kwa moja na unyevu wote wa Port Reitz. Chumvi ilikuwa imekula ile njia ya umeme polepole, asilimia moja moja, na mimi nikaona ndege inachoka.

Nikapuliza dawa ya kusafishia kontakti, nikauzungusha mara hamsini, nikaukausha, nikafanya kalibresheni upya. Asilimia 100. Torki ikafika 1,865 wenzo ukiwa bado haujagota, nikalazimika kuurudisha nyuma kidogo, kama rubani yeyote anavyotakiwa kufanya hapa usawa wa bahari.

Nikampigia yule kijana nikamwomba radhi, kisha nikaenda kwao nikamwomba radhi mbele ya mamake, maana ndiye aliyelipia kile kipindi. Wiki mbili mfululizo alikuja jioni, na tulifanya jambo moja tu: kuondoka. Sukuma nusu, ngoja turbini ishike, tazama torki, ongeza, tazama tena. Mkono wake ulikuwa na haraka niliyoutia mimi, na kuitoa kulichukua muda kuliko kuitia. Wengine waliochukua ile flashi niliwatafuta mmoja mmoja wafute faili. Wawili sikuwapata mpaka leo.

Basi mnaposikia napandisha sauti mkifungua engines.cfg, mjue nasikia simu ile.

5. Kama lazima uguse. Nakili folda nzima ya ndege, iweke nje ya Community, iandike tarehe. Badilisha namba moja, ruka, andika kwenye daftari ulichokiona, ndipo uende ya pili. Usimpe mtu ndege uliyoibadilisha bila kumwambia umebadilisha nini. Na jueni injini yenu: Caravan inayokuja na simyuleta ya Microsoft ya 2020 ni ile EX ya nguvu za farasi 867, kwa hiyo namba za 675 msizipeleke kule.

Sisemi msibadilishe. Kupamba ndege ni raha. Pakeni rangi, wekeni sauti mpya, panueni kioo cha GPS, sogezeni kamera hadi muone kidole cha rubani kwenye geji. Binti mmoja hapa kwetu ameipaka Caravan yake nakshi za mlango wa Mji wa Kale, kuanzia mkiani hadi mlango wa mizigo, kazi ya mwezi mzima, na nimeiweka kwenye skrini yangu. Kinachonitia hofu ni kubadilisha yale yanayomfundisha mtu.

Kwa wale wa FSX, simyuleta ya zamani ya Microsoft, ambao bado mpo na karibuni: kwenye aircraft.cfg namba za [fltsim.0], [fltsim.1] zifuatane bila kuruka, la sivyo zinazofuata pengo hazionekani. Wa X-Plane, simyuleta nyingine, someni Log.txt kutoka chini kabla hamjanipigia. Windows ikificha vipachiko vya majina, yaani herufi za mwisho wa jina la faili, "aircraft.cfg" yako huenda ni aircraft.cfg.txt. Propela haitaki kurudisha nyuma baada ya kutua? Shika F2 usiiachilie.

6. Kila kitu kimeharibika baada ya sasisho. Toa vyote Community. Simyuleta ikiwa nzima, rudisha nusu. Ikigoma, mbaya yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Ukiwa na nyongeza arubaini, mizunguko sita inatosha. Nimemwona mtu akirudisha moja moja tangu alasiri hadi adhana ya alfajiri, na mbaya alikuwa wa thelathini na nane.

Yule mrefu nilimpokonya kibodi nikamwambia asukume wenzo hadi ugote, tutazame mstari. 91. Anaishi Likoni, karibu na maji kuliko mimi. Hakusema kitu, akaanza kuzifuta zile namba saba moja moja, akinitajia kwa sauti kila moja ilikuwa ngapi. Alizikumbuka tano.

Tumepakua kifurushi upya, na nakala imeandikwa tarehe. Jumamosi hii tunafungua kijiti chake. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota aje nayo, yangu imeota kutu.