Madoa ya miguuni baada ya mafindofindo

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 6 aliugua mafindofindo, akapewa amoksilini. Wiki mbili baadaye akatokwa na madoa mekundu miguuni na makalioni, vifundo vikavimba, tumbo likawa linamsokota. Hospitalini wanasema kinga yake inashambulia mishipa ya damu. Je, bakteria wa kooni wamehamia kwenye damu? Mbona dawa haiyaondoi madoa?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Bakteria hawajahamia. Kipande cha ngozi kutoka kwenye doa kikipimwa kwa darubini, kinachoonekana ni kingamwili za IgA zilizonasa kwenye kuta za vishipa vidogo, zimezungukwa na chembe nyeupe za damu. IgA ni mlinzi wa koo na utumbo. Koo likivamiwa, mwili huizalisha kwa wingi. Kwa baadhi ya watoto sehemu yake hutoka na upungufu wa sukari iitwayo galaktosi, ikashikana mabonge na kunasa vishipani. Hapo vishipa huvimba, damu ikavujia chini ya ngozi. Ndiyo maana ukibonyeza doa kwa bilauri ya kioo halipotei, na ukipitisha kidole unahisi limeinuka.

Amoksilini huua bakteria, lakini mabonge yaliyokwisha kunasa haiyagusi. Hata hivyo, mpe dozi mpaka iishe. Nami bakteria namwita kichochezi tu, kwa sababu ndugu wawili huugua koo moja na madoa yakamtoka mmoja, na virusi navyo huweza kuuamsha ugonjwa huu. Ukikuta majina Henoch na Schönlein kwenye cheti, ni huu huu. Tangu 2012 unaitwa vaskulitisi ya IgA, yaani uvimbe wa mishipa ya damu unaotokana na IgA.

Madoa kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki chache, ingawa yanaweza kurudi. Mimi nahofia figo, maana zina vishipa vya aina hiyo hiyo. Mkojo unaweza kuwa mweupe kwa macho yako huku kipimo kikionyesha damu na protini. Nakuomba sana apimwe mkojo na presha mara kwa mara kwa miezi 6, hata akiwa anacheza mpira. Ibuprofeni usimpe bila kumuuliza daktari wake.

Tumbo likikaza sana, akatapika mfululizo au choo kikawa na damu, huenda utumbo umejiingiza ndani ya utumbo mwenzake. Mpeleke usiku huo huo.