Vyuo vigumu vya Marekani: asilimia peke yake haikwambii kitu

Waalaykum salaam mdogo wangu wa Chake. Umeuliza, ukiwa kidato cha sita na wazee hawana uwezo wa ada, uombe Harvard au utafute chuo kinachochukua watu wengi zaidi.

Ile asilimia ya wanaokubaliwa, ambayo Harvard haifiki 5, imechanganya wote: wenyeji, wanamichezo, wanaojilipia. Wewe ni mgeni unayeomba msaada, na hapo hesabu ni nyengine. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawatazami uwezo wako wanapoamua, na wakikuchukua hukulipia lote ambalo kwenu hawaliwezi. Vyuo vingi vyengine vinatazama. Fungu la wageni likimalizika unakataliwa na alama zako nzuri. Kwa hiyo chuo kinachochukua asilimia 40 kinaweza kukuwia kigumu kuliko jina lake.

Uhakikishe mwenyewe. Tafuta kwenye Google jina la chuo pamoja na "Common Data Set", yaani takwimu za mwaka ambazo chuo chenyewe hutangaza, zilizogawiwa vifungu. Kifungu C1 kina idadi ya waombaji na waliokubaliwa, C7 inaonesha wanachokithamini, na H6, usiiruke hii, inataja wageni wangapi walisaidiwa na kwa wastani wa kiasi gani. Ukikuta wastani ni dola 20,000 na gharama ya mwaka ni 80,000, kifute.

Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na wewe mtihani ni Mei. Watasoma matokeo ya kidato cha nne, ripoti za skuli na alama ambazo walimu wanakutarajia uzipate. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoumia. Kwetu kidato cha sita A inaanzia 80 na B 70. Mmarekani akiona 72 anadhani mwanafunzi dhaifu. Muombe mwalimu mkuu aambatanishe ngazi za alama za NECTA (baraza la mitihani), aandike umeshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi, na ataje masomo ambayo skuli haina. Barua isemayo "ana nidhamu na bidii" tu haikusaidii.

SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, inatakiwa Harvard na MIT. Jisajili mapema, uwe na pasi ya kusafiria mkononi, na kama kituo ni Dar weka nauli ya boti kwenye hesabu. Ada ya maombi kwenye vyuo vingi vya namna hii ni kama dola 75 hadi 90. Omba usamehewe ndani ya fomu yenyewe ya maombi; vyuo vingi hutumia fomu moja ya mtandaoni iitwayo Common App.

Mpango wa Novemba unaoitwa Early Decision unakufunga: ukikubaliwa unakwenda, huna ofa nyengine ya kulinganisha msaada. Usiutie saini kabla wazee hawajajaza kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo hicho.