Namba ya hitilafu ni ya fundi, mstari wa kwanza ni wa mtumiaji

Mkuu, umeuliza kama programu ikikwama na kutoa ujumbe, mtumiaji wa kawaida aonyeshwe namba ya hitilafu au ifichwe. Mwonyeshe, ila ikae chini kabisa kwa maandishi madogo. Ile ataisoma kwa fundi akipiga simu. Mstari wa kwanza wa ujumbe ndio wake, na hapo ndipo nilipokosea kwa miaka.

Niliwahi kuandika programu ya watunza stoo. Mtu akijaza idadi "1,500" ilimjibu: "Kosa: ingizo batili." Siku moja nikakaa pembeni ya mtumiaji, nikamwona akifuta na kuandika kilekile mara nne, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimeharibu nini?" Iliniuma sana. Hakuharibu chochote, programu yangu ndiyo haikuujua mkato (koma) ulio ndani ya 1,500.

Tazama maneno yenyewe. "Kosa" kwetu lina hatia ndani yake, na "batili" ni la mikataba na mahakama. Hata Windows 95 iliwaambia watu kwamba programu imefanya tendo lisilo halali. Hebu isome hiyo kwa jicho la mtu aliyeanza kutumia kompyuta jana.

Nikabadilisha: "Idadi haijasomeka. Andika tarakimu tupu, mfano 1500." Kitenzi "haijasomeka" hakimnyooshei mtu kidole, na lugha yetu imetupa vitenzi hivyo bure. Ila usijifiche nyuma yake. "Imeshindikana" peke yake haisaidii: kwa nini, na nilichoandika kimepotea? Seva, yaani kompyuta yetu inayopokea data, ikianguka, zile hitilafu zenye namba 500, kiri: "Tatizo liko kwetu. Ulichojaza kimehifadhiwa, jaribu tena baadaye." Na kiwe kimehifadhiwa kweli.

Mahali pekee ninapoficha kwa makusudi ni kuingia kwenye akaunti. "Jina au nenosiri si sahihi" inatosha. Ukitaja kipi kati ya hivyo viwili, umemwambia mdukuzi kama akaunti hiyo ipo au haipo. Kwa waandishi wa programu wenzako ni kinyume: wape jina la faili na namba ya mstari wa msimbo wenye hitilafu.

Ule ujumbe wa mkato nao niliufuta baadaye. Sasa programu inauondoa mkato yenyewe kabla ya kuhifadhi, mtunza stoo haoni kitu. Ukifanya hivyo, jua kwanza watumiaji wako wanaandikaje namba, maana Ufaransa mkato ndio unaotenga desimali, na 1,5 ya kwao itageuka 15.