Ravioli za kukaanga: kwa nini zako zilipasuka kwenye mafuta

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Ulinunua ravioli za friza (vile vifuko vya unga vya Kitaliano vyenye nyama au jibini ndani), ukazichemsha kama pakiti ilivyoelekeza, ukazipitisha kwenye yai na chenga za mkate, ukazitia karaini. Nusu zikapasuka, jibini likamwagika likaungua, na zilizobaki zikanyonya mafuta kama sifongo. Na Jumamosi una wageni kumi na wawili. Pole. Mimi nilishaumbuka nazo kabla yako, tena mbele ya watu wanaojua.

Niliishi St. Louis, jimbo la Missouri kule Marekani, miaka sita, na minne kati ya hiyo nilikuwa jikoni kwenye mgahawa wa Kitaliano. Siku hizi niko Tanga na bado nazitengeneza, kwa hiyo nitakayokwambia yamepita kwenye majiko yote mawili.

Kwanza jina lisikuchanganye. Wenyewe wanaziita toasted ravioli, au kwa mkato T-ravs, lakini hakuna cha oveni wala kibaniko, ni mafuta tu. Asili yake ni mtaa wa St. Louis unaoitwa The Hill, uliojazwa na wahamiaji kutoka Lombardia na Sisilia waliofuata kazi za machimbo ya udongo na viwanda vya matofali. Hadi leo mabomba ya zimamoto barabarani yamepakwa rangi za bendera ya Italia. Wapenzi wa besiboli wanaujua kwa sababu wachezaji Yogi Berra na Joe Garagiola walikulia hapo, nyumba zao zikitazamana. Sasa nani alianza kukaanga ravioli? Hapo ndipo pana ugomvi. Inasemwa ni miaka ya 1940, na zaidi ya mgahawa mmoja unadai. Kuna wanaosema ni kwa Oldani, kuna wanaosema ni Angelo's, ambao siku hizi ni Charlie Gitto's. Hadithi yenyewe wanaisimulia karibu sawa: mpishi alikosea, akatumbukiza ravioli kwenye mafuta ya moto badala ya maji.

Mimi hiyo hadithi huwa nacheka tu. Aliyewahi kusimama jikoni anajua sufuria ya mafuta na ya maji hazifanani hata kwa harufu. Ila jibu lako limo humo humo: zile ravioli hazikupita kwenye maji. Zilikwenda mbichi kwenye mafuta.

Wewe ulizichemsha. Unga ukanywa maji, ukalainika, ukavimba, halafu ukaufunika na chenga za mkate. Ilipofika kwenye mafuta, yale maji yakageuka mvuke, na mvuke lazima utoke. Ukikosa njia unapasua. Pakiti haikukudanganya, iliandikwa kwa mtu anayetaka kula na mchuzi. Za friza au mbichi za kwenye friji usizichemshe kabisa. Zile kavu za rafuni, ngumu kama kokoto, ndizo zinazodai maji kwanza, na kwa kazi hii achana nazo.

Ukiweza, tengeneza mwenyewe. Ni kazi ile ile ya sambusa, hakuna kigeni. Unga wa ngano wa kawaida gramu 300, mayai matatu, chumvi kidogo. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio, funika, lipumzike nusu saa. Kisha sukuma nyembamba, zaidi sana ya chapati, ila nene kidogo kuliko manda. Kuna mtu atakuja hapa kusema atumie manda moja kwa moja. Tumia, ila utakuwa umepika sambusa ya mraba, usiwaambie wageni ni ravioli.

Nyama ndiyo inayoponza wengi. Robo kilo ya kima, kaanga na kitunguu saumu mpaka maji yote yakauke na nyama ianze kulia tena kwenye sufuria. Sio "imeiva", nasema ikauke. Mchicha fungu moja, uchemshe kidogo, uache upoe, uweke kwenye kitambaa ukamue kama unavyokamua tui. Utashangaa maji yatakayotoka. Ukatekate, changanya na nyama. Ibonye kwenye kiganja: ikiacha unyevu mkononi, rudisha motoni. Na ipoe kabisa, ndipo utie yai moja, jibini gumu lililokunwa kiasi cha viganja viwili, pilipili manga, na kungumanga ya kukuna, kidogo tu. Nyama ya moto ndani ya unga mbichi inatoa jasho, na jasho ni maji yale yale.

Kijiko cha chai kwa kila moja, kisichojaa. Vipande vya sentimita tano kwa tano vinatosha. Paka maji kwa ncha ya kidole pembeni, funika na karatasi ya pili ya unga, halafu ubane kuanzia katikati kwenda nje.

Hapo kwenye kubana ngoja nikae kidogo, maana ndipo nilipoaibika. Wiki yangu ya kwanza mpishi mkuu, bibi wa miaka sabini na ushee, alikuja kwenye meza yangu akachukua moja niliyoimaliza. Akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaigusa kwa kidole gumba, na mimi nikaona povu la hewa likitembea chini ya unga, kama lile linalobaki ukifunika daftari la mtoto kwa plastiki. Hakusema kitu. Akaitia kwenye mafuta, akarudi nyuma hatua mbili, mimi nikabaki pale pale kama mjinga. Ikavimba, ikageuka, ikalia pa! Tone la jibini likanitua kwenye kifundo cha mkono, na alama ninayo hadi leo. Tangu siku hiyo kila moja naibonya pembeni ya nyama kwa vidole viwili, nasikia hewa ikitoka, ndipo naziba.

Kuzipaka ni rahisi. Pitisha kwenye unga mkavu, ukung'ute, kisha yai lililopigwa na maziwa vijiko viwili, kisha chenga. Chenga tengeneza kwa mkate wa juzi uliokaushwa, saga bila kuufanya vumbi, zibaki na makali ya kutafunika. Tia chumvi na oregano kama ipo. Mkono mmoja uwe wa yai na mwingine wa chenga, la sivyo utamaliza na vidole kumi vya kukaanga.

Halafu friza. Hili wengi hawalifanyi. Zipange kwenye sinia bila kugusana, zigandishe angalau saa moja, na zitoke friza kwenda kwenye mafuta bila kusubiri mezani. Zikigandishwa, umbo halilegei, chenga hazibanduki, na jibini linachelewa kuyeyuka mpaka ganda limeshakaza. Ukiona chembe za barafu juu yake, zipanguse, maana zitarusha mafuta.

Mafuta yawe kimo cha vidole vinne, joto nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha chenga moja: ikizama ikakaa chini, bado. Ikiibuka papo hapo na mapovu madogo, tayari. Ikiwa nyeusi kabla hujahesabu kumi, punguza moto. Tia tano au sita tu, ukijaza karai joto linaanguka na ndipo zinaponyonya mafuta. Dakika tatu hadi nne, ukizigeuza. Sikiliza: mwanzo zinalia kwa kelele, kisha sauti inapungua. Ikipungua na rangi ikiwa kama ya maandazi yaliyoiva vizuri, toa. Usizilaze kwenye karatasi, zitajitolea mvuke kwa chini na kulainika. Ziweke juu ya waya au chekecheo, unyunyizie jibini zikiwa bado zinang'aa mafuta.

Sosi ni nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, chumvi, majani ya rehani. Pika mpaka iwe nzito. Iende kwenye bakuli pembeni, watu wachovye. Ukiimwaga juu, umeharibu kazi ya siku mbili. Kwangu huwa natia pilipili mbuzi nusu, jambo ambalo yule bibi angenifukuzia kazi.

Kama una kikaangio cha hewa, zinaiva pia: zipulizie mafuta, nyuzi 200, dakika nane hivi, geuza katikati. Zinakuwa kavu zaidi na ladha ya nyama inajificha kidogo. Kwa watoto nafanya hivyo, kwa wageni hapana.

Kwa hiyo Alhamisi jioni tengeneza zote, zigande. Jumamosi zikaange wageni wakiwa wameshakaa, maana zikipita dakika ishirini zinaanza kulala. Hesabu nne kwa kila mtu, hiyo ni arobaini na nane. Unga niliokupa unatoa karibu hizo, ila ongeza nusu tena, ziwe sabini na kitu. Kuna watakaozila jikoni wakisema wanakuja kukusaidia.