Tumbo ni lako, makalio ni ya dalali

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 37, naishi Tabata, nina watoto watatu. Wawili wa mwisho ni mapacha, na uzazi wote nilijifungua kwa operesheni. Mapacha sasa wana miaka minne lakini tumbo halijarudi. Si unene, nina kilo 68 na miguu yangu myembamba. Ngozi imening'inia na tumbo limetokeza kama la mimba. Kwenye daladala napishwa kiti. Kwenye shughuli ya binamu yangu mama mmoja alinishika tumbo mbele za watu akaniuliza, "Miezi mingapi?" Nimejificha kwenye madera mpaka nimechoka.*

*Kwa miaka mitatu nimeweka milioni 14 kwenye kikoba. Nimempata dada mmoja mtandaoni anayepeleka watu Istanbul. Nilimuuliza bei ya tumbo, akaniambia nikiongeza kidogo watanitengeneza na makalio: mafuta yanatolewa kiunoni yanahamishiwa nyuma, narudi na shepu kamili. Siku saba, hoteli humo humo, na punguzo nikilipa nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu nikimgusia anasema, "Mimi sijalalamika." Nimepanga nimwambie naenda kuchukua mzigo. Mimi ni Mwislamu, naogopa pia dhambi. Halafu sikio langu moja lina kovu lililovimba tangu nitoboe tundu la pili. Nifanye au niache? — Mama Mapacha*

Marahaba, mwanangu.

Isome tena barua yako. Tumbo umelieleza kwa mistari mingi: daladala, shughuli, madera, miaka minne. Makalio hayamo kabisa mpaka dalali alipofungua mdomo. Hujasema hata mara moja kwamba yanakusumbua. Ulikwenda na shida moja ukarudi na mbili, na ya pili ndiyo yenye punguzo. Kwa hiyo nitakujibu mara mbili.

Tumbo kwanza. Sitakuambia umshukuru Mungu kwa ulivyo ukae kimya. Nimechoshwa na jibu hilo, na mara nyingi hutolewa na watu ambao matumbo yao hayajabeba mtu. Kinachokutokea kina maelezo. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, imeunganishwa katikati na utando. Mimba huutanua utando huo, na mimba ya mapacha huutanua zaidi. Kwa wengine misuli hurudi kukutana, kwa wengine inabaki imeachana, na matumbo husukuma mbele katika nafasi hiyo. Ndiyo maana unakuwa na miguu myembamba na tumbo la miezi mitano.

Leo usiku lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu kwa upana, kisha inua kichwa. Vikizama zaidi ya viwili kati ya misuli, huenda hiyo ndiyo shida yako. Mtaalamu wa fiziotherapia akithibitisha, atakupa mazoezi maalumu ambayo huwasaidia wengi hata baada ya miaka. Usijifundishe mwenyewe ya kuinuka kitandani mara mia, mengine yanasukuma tumbo nje zaidi. Na ukikohoa kitovu kikatoa uvimbe, hiyo inaweza kuwa ngiri. Hapo unatafuta daktari wa upasuaji kwa ajili ya ugonjwa, na hata bima huliangalia jambo hilo kwa jicho tofauti na urembo.

Mazoezi lakini hayakazi ngozi iliyoning'inia. Hiyo ni kisu tu, na ukiamua kisu sitakuona mjinga. Ila ujue unachonunua. Unapigwa nusu kaputi. Unakatwa chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, misuli inashonwa pamoja, ngozi ya ziada inaondolewa, kitovu kinatengenezewa tundu jipya. Mara nyingi unaamka na mirija ya kutoa majimaji. Siku za mwanzo unatembea umeinama. Utavaa mkanda wa kubana kwa wiki kadhaa, na kwa kama wiki sita hutanyanyua kitu kizito. Mapacha wa miaka minne ni vitu vizito, na hawaelewi neno "mama anaumwa tumbo". Nani atawabeba? Kama bado mnataka mtoto mwingine, subiri umalize kuzaa kwanza, maana mimba itaifumua kazi yote. Uzito nao uwe umetulia kwa miezi sita hivi.

Sasa hilo sikio. Umelitaja mwishoni kama jambo dogo, nami nilipolifikia niliweka kalamu chini. Ngozi nyeusi ndiyo inayoota zaidi makovu ya kuvimba yanayovuka mpaka wa kidonda, yale tunayoyaita keloidi, na aliyewahi kuota moja anaweza kuota jingine. Tundu la hereni limekufanyia hivyo, je, mkato wa nyonga hadi nyonga? Bahati nzuri tumbo lako limeshafanyiwa majaribio. Una kovu la uzazi, limekatwa mara mbili. Liangalie kwenye kioo. Likiwa jembamba na limelala, hiyo ni dalili njema, ingawa si hakikisho. Likiwa limenyanyuka, gumu, linawasha na limetambaa nje ya mstari, mweleze daktari kabla ya kitu kingine chochote. Daktari anayesikia habari ya sikio lako asiulize hata swali moja, achana naye.

Tuje kwenye makalio. Hapa sina upole. Mafuta yanayofyonzwa kiunoni huchomwa nyuma kwa mrija, na ndani ya makalio kuna mishipa mikubwa ya damu. Mrija ukizama kwenye msuli, mafuta yanaweza kuingia kwenye mshipa, yakapanda hadi moyoni na kwenye mapafu, na mtu akafia mezani au saa chache baadaye. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji wa urembo lilikadiria kwamba vifo vinaweza kufikia mtu 1 katika kila 3,000. Hakuna operesheni nyingine ya urembo iliyowahi kuwatisha madaktari wenyewe hivyo. Chama chao Uingereza kiliwaambia wanachama mwaka 2018 waiache, kikalegeza mwaka 2022 kwa masharti. Jimbo la Florida, Marekani, ambako zahanati zilikuwa zikiwapitisha wanawake kama abiria wa mwendokasi, liliweka kikomo cha operesheni tatu kwa daktari kwa siku, na sheria ya 2023 ikamlazimisha atumie kipimo cha picha ya mawimbi (ultrasound) ili aone mrija ulipo. Masharti hayo yakifuatwa hatari hupungua. Muulize dada yako wa mtandaoni kama daktari wake anatumia kipimo hicho, na anapasua wangapi kwa siku.

Na hata yote yakienda salama, sehemu ya mafuta hayo mwili huyanyonya, kwa hiyo unachokiona mwezi wa kwanza sicho utakachobaki nacho.

Kuna jambo dogo dalali hakulifikiria, au alilifikiria akanyamaza. Aliyekatwa tumbo hulala chali, mgongo umeinuliwa na magoti yamekunjwa. Aliyechomwa mafuta makalio huambiwa asiyakalie wala kuyalalia kwa wiki mbili au zaidi. Wewe utalala wapi? Siku ya saba unapanda ndege, Istanbul hadi Dar ni kama saa saba, umekaa juu ya makalio mapya na tumbo lina nyuzi. Operesheni kubwa ikifuatwa na safari ndefu ya kukaa, damu huweza kuganda miguuni ikapanda kwenye mapafu. Ukiwa unatumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, hatari inaongezeka. Nakutajia kwa sababu najua huyo dada hajakuuliza. Shisha pia, kama unavuta, huharibu uponaji wa kidonda.

Sisemi Waturuki hawajui kazi. Wako madaktari bora sana kule. Tatizo la safari ni siku ya kumi na mbili, ukiwa Tabata, mkanda umelowa maji ya rangi ya chai na una homa. Dalali atakujibu "pole dear, kunywa maji mengi". Daktari wa hapa atapokea kidonda asichokishona, bila karatasi yoyote. Wenzetu wameliona hili: idara ya afya ya Marekani, CDC, ilihesabu raia wake 93 waliokufa baada ya operesheni za urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, na katika vifo vilivyochunguzwa kwa kina, mafuta na damu iliyoganda ndivyo vilivyoongoza. Wengine walirudi nyumbani na vidonda vya bakteria sugu vilivyotibiwa kwa miezi. Huku kwetu Muhimbili na Mloganzila kuna mabingwa wa upasuaji rekebishi. Anza na miadi ya kawaida pale, hata kama mwishowe utaamua kusafiri. Jina lolote utakalopewa nchini lihakiki kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, maana siku hizi hata mpaka rangi ya kucha anajiita daktari wa ngozi.

Kuhusu mume, mpango wako wa mzigo umenichekesha kidogo, kisha ukaniogopesha. Mzigo gani utarudi nao? Utashuka uwanja wa ndege umepinda, mirija ubavuni, huwezi kubeba begi wala mtoto, na usiku wa kwanza atakuona. Hiyo ni ikiwa yote yameenda vizuri. Yakienda vibaya, atapigiwa simu kutoka Istanbul na mtu asiyemjua, kwa lugha asiyoielewa, kuhusu safari ya kununua vitambaa. Sahihi ya idhini ni yako, wewe ni mtu mzima, sikuagizi ukaombe ruhusa. Nakuagiza umpe habari, maana wiki sita zile yeye ndiye atakayeogesha watoto.

Na hilo "mimi sijalalamika" lisikilize vizuri. Pengine anadhani unamuuliza kama bado anakutaka, na amekujibu hilo. Mweleze habari ya yule mama wa shughulini, na kwamba hujavaa sketi na blauzi tangu mapacha wazaliwe. Wanaume wetu wengi hawajui mambo hayo. Akikataa kwa sababu ya gharama, mzungumze gharama. Akikataa kwa hofu, mchukue muende wote kwa daktari, hofu yake iulize maswali ambayo wewe unaona haya kuyauliza.

Dhambi si uwanja wangu, nenda kwa sheikh wako. Nitakukumbusha tu habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani Kulab. Aliweka ya fedha ikanuka, na Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Wanazuoni wengi huitumia kutenganisha kuondoa dhara na kubadili umbile kwa pambo. Ukifika kwa sheikh mpelekee maswali mawili, la misuli iliyoachana na la makalio. Ukiyachanganya atakujibu kwa lile baya zaidi.

Ukifanya tumbo, nikuambie utakavyoishi nalo, maana picha za kabla na baada huruka miezi ya katikati. Wiki ya pili wengi hulia. Umevimba kuliko ulivyokwenda, kovu ni jekundu au jeusi sana, unajiuliza kwa nini ulijitia kisu ukiwa mzima. Kwa wengi hali hiyo hupita. Jioni utavimba kwa miezi. Ngozi ya chini ya kitovu itakufa ganzi, pengine kwa mwaka, pengine sehemu ndogo isirudi kabisa, kwa hiyo jihadhari na chupa ya maji ya moto. Kovu huchukua mwaka au mwaka na nusu kutulia, na halitafutika. Kitovu kitakuwa tofauti na kile ulichozaliwa nacho. Watu watasema, na watakaosema zaidi ni wale wale walioshika tumbo. Wenye raha baadaye, kwa barua ninazozipata, ni wale waliotaka kitu kimoja kinachojulikana: sketi ifunge, wasiulizwe miezi mingapi. Aliyetaka ndoa ibadilike, au wifi anyamaze, huniandikia tena mwaka unaofuata akitaka kurekebisha kitu kingine.

Wewe ulitaka sketi ifunge. Kwa hiyo tumbo, ndiyo, linawezekana, baada ya fiziotherapia, baada ya daktari kuliona kovu la uzazi, baada ya vipimo vya damu, na ukibakiza akiba pembeni kwa ajili ya matatizo. Usiimalize milioni 14 siku ya kwanza. Makalio, hapana. Dalali mtumie ujumbe mmoja: jina kamili la daktari, namba yake ya usajili, hospitali atakayokulaza, na nani atakutibu ukirudi na homa. Punguzo la mwisho wa mwezi liache lipite.

Sikio nalo usimpe mtu alikate tu. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, tena kubwa zaidi. Madaktari wa ngozi huchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani yake, kwa awamu. Anza na hilo mwezi huu. Daktari huyo huyo alitazame na kovu la tumbo.