Dada, msimfungie ndani

Pole sana dada. Umeandika kwamba mumeo anakunywa gongo kila siku, kwamba asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue, kwamba mashemeji zako wamepanga kumfungia chumbani wiki nzima "pombe imtoke", na kwamba kuna mama anakuuzia unga wa kumtilia kwenye chai bila mwenyewe kujua. Nakujibu usiku huu huu kwa sababu hilo la kufungiwa sisi tulilifanya, na nusura tumzike kaka yangu.

Kaka ni fundi magari hapa Moshi. Tulimfungia Ijumaa usiku, mimi, mama na wajomba wawili. Jumamosi alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, mama akasema hiyo ni arosto tu, itapita. Nilimpelekea uji. Alishika kikombe kwa mikono miwili na bado uji ukamwagikia mapajani, wa moto, na hakushtuka hata kidogo. Hapo ndipo ningejua. Jumapili alfajiri akaanguka kifafa, mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa tangu azaliwe. Tukakimbia naye hospitali. Usiku wa siku hiyo, wodini, alikuwa anakung'uta shuka akiwatoa siafu ambao sisi hatukuwaona, na mimi hakunijua.

Daktari alitueleza hivi: pombe inapooza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku unajizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili usizimike. Ukiondoa pombe ghafla, ile nguvu inabaki haina wa kuizuia. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na ule uchizi wa kuona wadudu, wenye homa na moyo kwenda mbio, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Huo unaua. Mumeo anayehitaji kuzimua ndipo mkono utulie ni mtu wa namna hiyo kabisa, kwa hiyo mpaka aonwe na daktari asikatishwe pombe ghafla.

Hospitali walimpa diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, wakawa wanaipunguza dozi siku hadi siku kwa wiki moja. Muuguzi alipita kila baada ya saa chache, anamwambia anyooshe mikono, anatazama vidole, anagusa paji la uso, anaandika. Walimchoma pia sindano za vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari. Wanywaji wakubwa huishiwa vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inaweza kumharibu ubongo kwa kudumu. Nyumbani tulikuwa tumemnunulia glukosi ya unga, tukidhani tunampa nguvu.

Kuhusu unga wa kwenye chai, usithubutu. Hujui ni nini. Kama ni disalfiramu iliyosagwa, ile ni dawa halali inayozuia mwili usimalize kuivunja pombe, kwa hiyo mtu akinywa uso unawaka, anatapika, moyo unaenda mbio, presha inashuka. Hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, ambaye hajagusa pombe kwa angalau saa 12, na anayejua kwamba hata akiiacha nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili. Asiyejua ataenda kilabuni kama kawaida yake. Kuna dawa nyingine za kumsaidia mtu asirudie pombe, naltreksoni na akamproseti, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Muulize daktari wa afya ya akili, ila usitegemee kuzikuta kila duka la dawa.

Sasa nyinyi wa nyumbani, maana hapa ndipo sisi tulichelewa. Kaka alirudi kunywa mwezi wa nne, msibani, mbege ilipozungushwa. Mama akasema hospitali imeshindwa. Mshauri nasaha hakumgombeza mtu. Akamwita wifi yangu na mama, akawauliza kila mmoja anafanya nini kaka akilewa. Mama alikuwa analipa madeni yake kilabuni na kumpigia bosi wake simu kwamba ana malaria. Wifi alikuwa anamwogesha na kufua matapishi kabla watoto hawajaamka. Mtoto wao wa miaka tisa, tulikuja kuambiwa, alikuwa anasikiliza geti linavyofunguliwa ili ajue kama leo alale na viatu.

Walifundishwa kuacha kuficha. Deni ni lake, bosi atampigia mwenyewe. Akilewa hakuna kubishana naye, na siku asiyokunywa wale pamoja, wamchangamkie, wasimsimange ya jana. Ombi la kwenda kliniki lisubiri asubuhi akiwa na akili zake. Mbinu hii ilibuniwa Marekani na Robert Meyers na wenzake, na katika utafiti wa mwaka 1999 familia zilizofundishwa hivyo ziliwafikisha wagonjwa wao 64 kati ya 100 kwenye matibabu, wakati zile zilizotumia kikao cha kumkabili mlevi ziliwafikisha 30. Kaka alirudi kliniki kwa miguu yake, wifi akiwa pembeni.

Lakini kama anakupiga, hayo ya kumchangamkia yaweke kando. Toka na watoto, nenda dawati la jinsia polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Matibabu yake yataendelea wewe ukiwa mahali salama.

Kesho mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, yenye wodi ya kulaza. Na tafadhali msione aibu mbele ya daktari. Mama yangu, kwa aibu, alisema mwanawe anakunywa "bia mbili tatu", na dozi ya kwanza ikapimwa kwa bia mbili tatu. Wewe taja gongo, taja ni chupa ngapi kwa siku, na taja saa aliyokunywa ya mwisho.